Frateri, Unakimbilia Wapi?

Tangu mwezi Januari nimeulizwa swali hili hapa Madibira kuliko swali lingine lolote. Wananiuliza watoto wanaokwenda shule, vijana wa bodaboda, na akina mama wanaoelekea mashambani na majembe begani. Wengine wanatania, wengine wana wasiwasi wa kweli, maana huku mtu mzima akionekana anakimbia alfajiri, watu wanajua kuna msiba au kuna mwizi. Jibu langu fupi ni kwamba najiandaa kukimbia nusu marathoni mwezi Mei jijini Mbeya, katika mbio zinazojulikana kama Mbeya Tulia Marathon. Jibu refu ndilo lililonifanya niandike makala hii.

Nipo Madibira kwa mwaka wa kichungaji, baada ya kumaliza masomo ya falsafa. Kabla ya hapo sikuwa mkimbiaji. Seminarini nilicheza mpira siku za michezo kama wenzangu wengi, yaani dakika ishirini za nguvu na dakika arobaini za kusimama na kupiga kelele. Baba yangu alifariki kwa kiharusi kabla hajafika miaka 55. Alikuwa na presha kwa muda mrefu bila kujua. Nilipofika huku nikapimwa zahanati kwa sababu ya kuumwa kichwa, tabibu alinitazama, akarudia kipimo, akaniuliza habari za wazazi wangu. Nilipomweleza aliniambia: “Frateri, wewe bado kijana. Punguza chumvi, na uanze kutembea mpaka utoke jasho.”

Nilianza kutembea. Kutembea kukawa kukimbia kidogo na kutembea kidogo. Kisha rafiki yangu aliyeko Mbeya mjini akaniambia habari za mbio za Mei, nami nikaomba ruhusa kwa paroko. Paroko alicheka sana, akasema ruhusa ipo, mradi Masifu ya Asubuhi na Misa visingoje mtu aliyeko barabarani.

Nusu marathoni ni kilomita 21 na mita karibu 98. Kwa mtu wa mwendo wangu, dakika saba na nusu kwa kila kilomita, hiyo ni kazi ya saa mbili na dakika karibu arobaini. Ukiisikia hivyo inatisha. Lakini katika miezi hii nimegundua kwamba umbali wenyewe si adui mkubwa wa mtu anayeanza. Adui mkubwa ni haraka. Kila anayeanza hutaka kukimbia kama wale anaowaona kwenye runinga. Kwa wiki ya kwanza inawezekana, wiki ya pili muundi wa mguu unauma, na wiki ya tatu viatu vimerudi chini ya kitanda. Moyo na mapafu huzoea kazi mapema. Mifupa, mishipa na viungio huchukua miezi. Ndiyo maana waalimu wa mbio husisitiza jambo ambalo mtu mpya hapendi kulisikia, kwamba sehemu kubwa ya mazoezi iwe ya mwendo wa polepole, ule ambao mtu anaweza kuzungumza huku akikimbia.

Mimi nakimbia peke yangu, kwa hiyo sina wa kuzungumza naye. Nilipata dawa rahisi, nayo ni Rozari. Nasali kwa sauti. Nikiweza kuisali Salamu Maria yote bila kuikata katikati kutafuta pumzi, mwendo ni sawa. Nikianza kuwameza watakatifu na kukata maneno, najua nimezidisha, napunguza. Saa haisaidii sana kama kipimo hiki. Mtu anaweza kuidanganya saa kwa kuipuuza, lakini huwezi kusali Salamu Maria ukiwa huna pumzi. Katika mazoezi marefu ya Jumamosi namaliza matendo ya furaha, ya mwanga na ya uchungu kabla sijaliona tena paa la kanisa.

Wiki yangu iko hivi. Jumanne na Alhamisi nakimbia kilomita tano au sita, mwendo wa Rozari. Jumatano au Ijumaa naongeza safari moja fupi yenye kilima, kwa sababu Mbeya mjini ni mji wa milima, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya huku bondeni. Jumamosi ndiyo siku ya umbali. Nilianza na kilomita sita, nikaongeza moja au mbili kila wiki, na kila wiki ya nne nikapunguza ili mwili upate kupumua. Dominika sikimbii. Viatu nilivinunua mitumbani Mafinga, na kabla ya kulipa nilikunja soli kwa mikono yangu kuona kama bado ina uhai. Chakula ni kilekile cha parokiani, ugali, wali, maharage, mboga za majani, na ndizi moja kabla ya safari ndefu.

Wanaoijua Madibira wanajua kwamba miezi hii ni ya mvua na ya mpunga. Barabara ya udongo mweusi ikilowa hushika kiatu mpaka mguu unakuwa mzito kama umefungwa tofali. Kwa hiyo mara nyingi nafuata njia zilizo kando ya mifereji ya skimu ya umwagiliaji, ambako maji ya Mto Ndembera yanagawanywa kwenda majarubani. Ni tambarare, na alfajiri kuna upepo mzuri kutoka Usangu. Lakini ni huko huko mfereji ulipo ndiko nilikokutana na swali kwa uzito wake wote.

Ilikuwa wakati wa kupandikiza. Akina mama walikuwa wameinama ndani ya maji tangu giza, miche mkono mmoja, mkono mwingine ukichoma tope. Nilipopita mmoja wao aliinuka, akashika kiuno, akasema bila ubaya wowote: “Kamwene, Frateri. Nguvu hizo si ungetusaidia jaruba hili moja?”

Nilimjibu kwa salamu na tabasamu, lakini swali lile nililibeba mpaka nyumbani. Lina haki. Hapa watu hawana shida ya kukosa mazoezi. Mtu aliyepandikiza mpunga kutwa nzima hahitaji kuambiwa faida za kutoka jasho. Nguvu za mwili huku ni mtaji. Zinahesabiwa kama debe za mpunga, na mwenye akili hazimwagi barabarani. Halafu anapita kijana anayelishwa na waamini hao hao, mwenye viatu vya mbio, anakwenda kilomita kumi na kurudi mikono mitupu. Kusema kwamba nakimbia kwa ajili ya afya hakutoshi. Jembe nalo linatoa jasho.

Wiki iliyofuata nilikwenda na jumuiya yetu kupandikiza katika shamba la mjane mmoja. Nilidhani miguu iliyozoea kukimbia itanisaidia. Baada ya saa moja mgongo wangu ulikuwa unalia, na bibi mwenye umri wa kunizaa mara mbili alikuwa amenipita kwa mistari minne. Tulipokaa kula, mama yule wa mfereji aliniuliza tena habari za mbio zangu, safari hii kwa kutaka kujua. Nikamweleza kuhusu presha, kuhusu baba, na kuhusu Mbeya. Alisikiliza, kisha akasema: “Basi ni kama kuamia ndege. Unapiga kelele shambani kutwa, jioni huna ulichovuna. Lakini usingekwenda, ndege wangemaliza.”

Sijapata maelezo bora kuliko hayo. Mpunga ukianza kutoa masuke, kwelea huja kwa makundi, na familia nzima hugawana zamu za kuwafukuza kuanzia alfajiri hadi magharibi. Kazi hiyo haiongezi hata punje moja. Inalinda punje zilizopo. Mazoezi yangu ni zamu ya namna hiyo. Mwaka mmoja, miaka kumi, miaka thelathini ya utume, kama Mungu akipenda niufikie, vitahitaji mwili unaoweza kuamka usiku kwenda kumpa mgonjwa Mpako, kupanda pikipiki kwenye mvua, na kusimama kwenye misa tatu za Dominika moja. Baba Mtakatifu Yohane Paulo II, katika Pastores Dabo Vobis ya mwaka 1992, alitaja nguzo nne za malezi ya mapadri, akaweka ya kwanza malezi ya kibinadamu, kisha ya kiroho, ya kiakili na ya kichungaji. Tunapozungumza juu ya nguzo hiyo ya kwanza huwa tunataja tabia, adabu na uhusiano na watu. Mwili tunausahau mpaka uanze kuuma.

Kuna jambo lingine la mama yule ambalo sikulielewa mara moja. Mwamiaji wa ndege hafanyi kazi yake kwa siku moja ya ushujaa. Akikaa shambani siku tano kwa bidii kubwa na kulala siku ya sita, ndege hawaulizi habari za siku tano.

Mwezi Februari nilipata somo la upande wa pili, la kupumzika. Penye majaruba pana mbu. Nilishikwa na homa, baridi kali na maumivu ya viungo, na kipimo kikaonyesha malaria. Nilikunywa dawa ya mseto siku tatu kama nilivyoelekezwa. Homa ilishuka, lakini mwili ulibaki kama kitambaa kilichokamuliwa. Tabibu alinikataza kukimbia mpaka nguvu zirudi. Nilikaa wiki mbili na nusu. Kwenye daftari langu la mazoezi kuna ukurasa mzima usio na kitu, na kila nilipoufungua niliona Mei inasogea.

Katika siku hizo Kwaresima ilianza. Kwa miaka mingi nilikuwa nikiingia Kwaresima na orodha ya mambo nitakayoyafanya. Mwaka huu niliingia nikiwa na jambo moja la kutofanya, na lilikuwa gumu kuliko orodha zote. Kufunga si kazi ya tumbo tu. Wakati mwingine mtu hufunga mpango wake mwenyewe, ratiba aliyoipenda, sifa aliyotarajia kupewa. Nilipoanza tena nilirudi kwenye kilomita nne, nikitembea kila baada ya dakika kumi. Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu sikuzipangia mazoezi kabisa. Sheria ya mfungo inatuhusu sisi tuliotimiza miaka 18 mpaka mtu anapoanza mwaka wake wa 60, na si busara kuchanganya mlo mmoja wa siku na kilomita kumi na tano za jua.

Wenzangu seminarini wameniuliza pia kuhusu Dominika, kwa kuwa mbio nyingi nchini hufanyika siku hiyo, ikiwemo ile kubwa ya Kilimanjaro Marathon kule Moshi. Kanuni ya 1248 ya Sheria za Kanisa inasema wazi kwamba anayeshiriki Misa jioni ya siku iliyotangulia ametimiza wajibu wake. Kwa hiyo anayetaka kukimbia Dominika hana kisingizio. Atafute parokia iliyo karibu na anakolala, aulize Misa ya Jumamosi jioni ni saa ngapi, aende. Kanisa halina ugomvi na viatu vya mbio. Mwaka 2018 Vatikani ilitoa hati yake ya kwanza inayohusu michezo, na mwaka uliofuata ikaitambulisha rasmi timu yake ya riadha, Athletica Vaticana, ambamo mapadri, watawa na walinzi wa Papa hukimbia pamoja na wafanyakazi wa kawaida.

Mtume Paulo alikuwa ameshaona hayo. Wakorintho aliowaandikia habari za wakimbiaji waliyafahamu mashindano vizuri, kwa sababu jirani na mji wao, kule Isthmia, kulikuwa na michezo mikubwa kila baada ya miaka miwili, na mshindi alivikwa taji la majani ambalo baada ya siku chache lilikauka. Paulo alistaajabu kwamba watu wanajinyima kiasi kile kwa ajili ya majani. Nikisoma sura ile ya tisa sasa, kinachonigusa zaidi ni hofu yake kwamba yeye anayewahubiria wengine anaweza mwenyewe kukataliwa mwishoni. Alijua kwamba kuanza vizuri si dhamana.

Hapa kwetu Tanzania tuna mashahidi wa jambo hilo. Wengi wanajua habari za John Stephen Akhwari katika marathoni ya Olimpiki ya Mexico mwaka 1968. Alianguka, akaumia goti, akafungwa bandeji, akaingia uwanjani akichechemea giza likiwa limeshaingia, zaidi ya saa moja baada ya mshindi. Tunapenda kusema alikuwa wa mwisho, na ni kweli, alikuwa wa 57. Lakini siku ile walianza watu 75. Nyuma ya yule wa mwisho kulikuwa na watu 18 ambao hawakufika kabisa, katika mji ulio juu ya mita 2,200 kutoka usawa wa bahari. Na Septemba 2025, kule Tokyo, Alphonce Simbu alishinda marathoni ya ubingwa wa dunia kwa tofauti ya sehemu tatu za mia za sekunde dhidi ya Mjerumani Amanal Petros. Wote wawili waliandikiwa muda uleule, saa mbili, dakika tisa na sekunde 48. Kilomita 42, na tofauti ni ndogo kuliko kupepesa jicho. Mtu hawezi kujua ni asubuhi ipi kati ya asubuhi zote za mazoezi iliyompa sekunde hiyo. Kwa hiyo hana asubuhi ya kudharau.

Hata hivyo mkimbiaji ninayejifunza zaidi kwake hajawahi kuvaa namba kifuani. Ni katekista wetu. Kigango kimoja cha parokia kiko kilomita 11 kutoka hapa. Baiskeli yake ikiharibika, au njia ikijaa tope, hutembea. Kwenda na kurudi ni kilomita 22, nusu marathoni na ziada, akiwa na mfuko wa vitabu, na katikati yake anaongoza ibada ya Neno, anafundisha watoto wa Komunyo ya Kwanza, na anapatanisha wanandoa. Amefanya hivyo kwa miaka 19. Nilipomwambia umbali wa mbio za Mbeya alifikiri kidogo, akauliza: “Na huko mwisho wanakungoja akina nani?” Nikamwambia wapo watu wa kutoa maji na medali. Akatikisa kichwa kwa furaha, akasema hiyo ni safari nzuri.

Tangu siku ile nimeomba ruhusa ya kubadili njia yangu ya Jumamosi. Mara mbili kwa mwezi nakwenda kigangoni kwa miguu yangu, nikikimbia na kutembea. Nguo ya kubadilisha na kitabu cha sala hutangulia na bodaboda. Nafundisha watoto, nalala kwa mzee wa kigango, na Dominika tunasali pamoja kabla ya kurudi taratibu. Watoto hunisubiri kwenye mwembe wa kwanza, tunakimbia pamoja mita mia tatu za mwisho, na wananishinda wote. Katika njia hiyo hakuna tena anayeniuliza ninakimbilia wapi.

Ninapoandika haya zimebaki wiki tatu. Safari ndefu kuliko zote niliyofanya ni kilomita 17. Kabla ya Mei nitafanya moja ya 18, kisha nitapunguza mpaka siku yenyewe, kwa kuwa nguvu zinazohitajika siku ile zitakuwa zimeshawekwa, na haziongezeki kwa pupa ya dakika za mwisho. Wanafunzi wa mitihani mnanielewa. Presha yangu ilipopimwa wiki iliyopita ilikuwa imeshuka, na tabibu ameniambia nisiache kuja kupima. Sijui kama nitamaliza bila kutembea. Najua kwamba daftari lina kurasa 14 za wiki, moja ikiwa nyeupe kwa ajili ya malaria, na zote ni zangu.

Kama kuna frateri au mwamini anayesoma haya na anatamani kuanza, namshauri apimwe presha na sukari kwanza, hasa kama ana miaka zaidi ya arobaini au ana historia ya ugonjwa katika familia. Aanze kwa kutembea. Akimbie kwa mwendo ambao Salamu Maria inakaa nzima mdomoni. Apumzike bila aibu anapougua. Na atafute njia ambayo mwisho wake kuna mtu wa kumsalimu, hata kama ni mgonjwa mmoja au bibi mmoja anayeishi peke yake. Kilomita hupungua mtu anapongojewa.

Tuombeane.